Kipande Kilichokunywa Maji

"Nimesema kimoja, afande. Niseme mara ngapi? Kimoja tu."

Fundi wa leza alikaa upande wa pili wa meza, pingu mikononi, kichwa chake kikubwa kimeinama. Kichwa hicho ndicho kilichompa jina. Kazini walimwita Kichwa, nyumbani walimwita Kichwa, na alipofikishwa kituoni akajitambulisha hivyo hivyo, mpaka askari wa zamu akamwonya asilete mzaha na serikali.

Kati yake na Inspekta, ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo, kililala kipandikizi cha nyonga cha titani, kirefu kama kiganja na vidole vyake. Kilikuwa kimetolewa mwilini mwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Mwalimu alitembea nacho vizuri kwa muda, akawatambia majirani kwamba sasa ana mguu wa chuma. Kisha siku moja alipanda ngazi kwenda kumsalimia binti yake, na katikati ya ngazi kipandikizi kikaachia mfupa. Alianguka chali. Gari la wagonjwa lilimkuta ameshakata roho.

Inspekta alikuwa mama wa makamo asiyepandisha sauti. Watuhumiwa wazoefu walisema ni heri kufokewa na kituo kizima kuliko kuulizwa swali taratibu na mama yule.

"Tuanze upya," alisema. "Mimi sijui chuma wala mifupa. Leza inafanya nini hapa?"

"Inakikwaruza," Kichwa alijibu bila kuinua macho. "Mfupa haushiki kitu laini. Mwali wa leza unachora mifereji midogo ambayo jicho halioni, mfupa ukiota unaingia humo na kung'ang'ania. Lakini titani ikipata moto inakula hewa. Ndiyo maana tunaipulizia gesi ya argoni muda wote, hewa isisogee. Gesi isipokuja, uso unaungua. Unatoka wa bluu na unafanya ganda. Mfupa unashika ganda, na siku ganda likibanduka..."

Akakinyooshea kidole kipandikizi kile mezani.

"Na siku hiyo gesi haikuja."

"Nilisahau kufungua koki. Cha kwanza kikatoka cha bluu, nikashtuka, nikaifungua. Cha pili kikatoka kijivu, safi kabisa. Kile cha bluu nikakiosha kwa asidi, rangi ikatoka, kikapelekwa. Ndiyo kosa langu. Andika hivyo afande, nipelekwe mahakamani."

Sajenti, aliyeegemea mlango huku tumbo lake likitangulia mbele, alishaanza kufunika kalamu. Kwake yeye kesi ilikuwa imeiva. Lakini Inspekta alikuwa amezungumza na daktari wa mifupa asubuhi ile, na maneno ya daktari yalikuwa bado yanamkwaruza masikioni. Vipandikizi viwili vilitengenezwa siku ile moja, miezi kadhaa nyuma. Cha kwanza kilimuua mwalimu. Cha pili kilikaa akiba hospitalini, na majuzi tu kiliwekwa ndani ya paja la mama mshonaji, aliyekuwa wodini akijifunza upya kutembea. "Picha hainionyeshi kitu, mfupa bado mchanga," daktari alisema. "Moyo wake ni dhaifu. Nikimpasua tena bure, huenda asiamke. Nikimwacha na kitu kibovu, ataanguka kama mwalimu, na nyumba yake iko ghorofani. Leo mchana ama nampa ruhusa aende kwake, ama namrudisha chumba cha upasuaji. Niambieni kimoja, na msiniambie labda."

Na ushahidi wote ulisema mwacheni aende.

"Kabla ya kuwasha mashine," Inspekta aliuliza, "unajuaje kwamba gesi inakuja? Unaangalia geji?"

Kwa mara ya kwanza Kichwa alitabasamu kidogo, tabasamu la fundi anayeulizwa habari za kazi yake. "Geji ni mwongo, afande. Inasoma mtungi umejaa hata kama koki ya mbele imefungwa. Na feni ya kufyonza moshi inapiga kelele, huwezi kusikia. Mimi naweka kiganja kwenye mdomo wa gesi. Nikihisi baridi, nawasha."

"Kila mara?"

"Kila mara. Hata usingizini naweza."

"Isipokuwa siku hiyo."

Tabasamu likazimika. Kichwa akaangalia pingu zake.

Nje, wakielekea kwenye gari, Sajenti alijaribu bahati yake. "Afande, kusahau si ni ubinadamu? Mimi mwenyewe juzi nimesahau siku ya kuzaliwa ya mke wangu, na bado nalala sebuleni."

"Hiyo unaikumbuka mara moja kwa mwaka, ndiyo maana unaisahau. Umewahi kusahau kufunga mkanda wa suruali?"

Sajenti alitazama chini, akauona mkanda wake ukifanya kazi ngumu chini ya tumbo, akawasha gari.

Karakana ilikuwa jengo la chini lenye madirisha ya juu, katikati ya ghala la matairi na duka la vioo. Ndani kulikuwa kusafi kupita kiasi. Sakafu ilipakwa rangi ya kijivu, viatu viliachwa mlangoni na kila mgeni akapewa kandambili na koti jeupe. Koti la Sajenti lilikataa kufunga vifungo.

Mwenye karakana, kaka mkubwa wa Kichwa, aliwapokea kwa mikono miwili. Wafanyakazi walimwita Bosi. Alikuwa na kichwa kile kile cha ukoo, na kofia yake ya kazi ilikaa juu yake kama kifuniko kidogo kwenye sufuria kubwa.

"Karibuni, karibuni sana. Hapa hatuna la kuficha," alisema. "Mdogo wangu ameniaibisha, lakini ni mdogo wangu. Damu yangu. Nawaomba tu asioze gerezani."

Nyuma yake alisimama mkewe, mwanamke mwembamba mwenye uso mdogo na macho makini. Yeye ndiye mkaguzi wa karakana. Hakuna kipande kilichotoka mlangoni bila kupita mikononi mwake. Kichwa alimwita Shemeji, lakini alimwita vile mtu anavyomwita mama. Mama mzazi wa wale ndugu wawili alifariki Kichwa akiwa bado hajaota meno yote, na bibi harusi mpya aliyeletwa nyumbani kwa kaka mtu ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akampeleka shule. Hakujaliwa mtoto mwingine.

"Nina kitu cha kumsaidia," Shemeji alisema moja kwa moja. Alifungua kabati ya kioo ukutani. Ndani yake zilipangwa trei zisizo na mifuniko, na kwenye trei kulikuwa na visahani vidogo vya titani, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti. "Kila kazi ina kisahani chake. Kinawekwa kwenye mashine pamoja na kipande cha mwisho, kinachorwa pamoja, kisha kinabaki hapa. Tunakiita shahidi. Hiki ndicho cha siku ile."

Akamwekea Inspekta kisahani kiganjani. Kilikuwa cha kijivu safi, bila doa la bluu. Inspekta alikigeuza chini ya lenzi yake kwa muda mrefu. Mifereji ilikuwa imenyooka, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Kipandikizi cha mwalimu, chini ya lenzi hiyo hiyo, kilikuwa kimebaki na bluu kwenye vina vya mifereji, mahali ambapo asidi haikufika.

"Kwa hiyo cha pili ni kizima," Sajenti alisema.

"Ni kizima," alisema Shemeji. "Huyo mama hana haja ya kupasuliwa. Na Kichwa ni kosa moja tu, alilirekebisha papo hapo. Mwandikieni hivyo."

Inspekta aliona jambo dogo: hakuna aliyekuwa amemtaja mama yeyote. Lakini huenda daktari alipiga simu hapa pia. Akaiweka pembeni.

"Nionyesheni mashine."

Chumba cha leza kilikuwa nyuma, hakina dirisha. Mashine ilikuwa sanduku la chuma lenye kioo cheusi mbele, mtungi wa gesi umefungwa mnyororo ukutani, na feni juu yake ilipowashwa ilinguruma hata wakalazimika kuinua sauti. Geji ya mtungi ilisoma umejaa. Kando ya mashine, kwenye msumari, ilining'inia miwani ya kinga yenye mkanda wa mpira. Inspekta aliivaa ili achungulie ndani ya kioo. Ilimkaa barabara. Alipoivua aliitia mfukoni mwa koti lake.

"Miwani ni hii moja?"

"Moja tu, ya Kichwa," Bosi alijibu. "Mashine hii anaijua yeye peke yake. Mimi ni mtu wa kutafuta wateja, hata kuiwasha siwezi. Mke wangu ni mtu wa kukagua. Kichwa akiugua, kazi inalala."

"Amewahi kuugua?"

"Aliugua homa kali miezi ile ile, akalala ndani wiki nzima."

"Kabla ya kazi hii au baada?"

Bosi alifungua mdomo, lakini mkewe aliwahi. "Baada," alisema. Simu ikalia ofisini, naye akaenda kuipokea, akitembea haraka kwenye kandambili zake bila kuburuza.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini hawakusema kwamba mara nyingi huwa imefagiliwa vizuri. Kila kitu mle ndani kilikuwa mahali pake na kila mtu alikuwa na jibu lake. Inspekta alihisi joto la hasira likimpanda shingoni, maana muda ulikuwa unayoyoma, na mahali fulani mjini mtu alikuwa anamkunjia mama mshonaji nguo zake kwenye begi.

Alitazama meza ya kazi. Kulikuwa na kitambaa, brashi laini, kibano, na kichupa kidogo cha dawa ya macho.

"Nani anaumwa macho?"

Bosi alicheka, akafurahi kupata swali jepesi. "Hapana, hicho kina maji safi tu. Ni mila ya mdogo wangu. Kipande kikitoka kwenye mashine, kabla ya jambo lolote, kinanyweshwa. Unadondosha tone moja. Kikiwa kimechorwa sawasawa kina kiu, tone linatandaa lote, hulioni tena. Ndipo anasema, haya, huyu mfupa utampenda. Tulimcheka mwanzoni. Sasa hakuna anayethubutu kugusa kipande kisichonyweshwa."

"Na kikishakunywa kinaendelea kunywa?"

"Ukikifunga kwenye mfuko usioingiza hewa, ndiyo. Ukikiacha wazi, hewa inakipaka mafuta yake taratibu. Kikikaa wiki kadhaa hakitaki maji tena. Kinalikataa tone, linasimama juu yake mviringo. Hapo tunasema kimeshiba."

Inspekta alishika kichupa. "Zile trei za kabatini zinafunikwa?"

"Za nini kuzifunika? Wale ni mashahidi, hawaingii mwilini mwa mtu."

Alirudi kwenye kabati, Bosi akimfuata bila kuelewa, Sajenti akimfuata Bosi. Alichukua kisahani cha kazi nyingine, akadondosha tone. Lilisimama juu ya chuma mviringo, likametameta. Akachukua kingine cha zamani zaidi, tone likasimama. Akachukua cha tatu, tone likasimama na kubingirika lilipoinamishwa. Bosi aliacha kutabasamu. Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili, na yeye, ingawa ni mtu wa ofisini, alikuwa amekulia karakanani.

Kisahani alichopewa na Shemeji kilikuwa bado kiganjani mwa Inspekta. Akakiweka juu ya meza, akadondosha.

Tone halikusimama hata kidogo. Lilitandaa mara moja, likafika ukingoni pande zote, likapotea.

"Hiki hakijakaa hapa miezi," Inspekta alisema. "Kimechorwa juzi au jana. Na juzi na jana fundi wenu pekee alikuwa amefungiwa kwangu, ufunguo ninao mimi."

Sajenti alikuwa mwepesi kuliko tumbo lake. Alishamshika Bosi mkono. "Kumbe kuiwasha huwezi! Unamwachia mdogo wako mzigo, halafu unatuombea tumhurumie!"

"Wallahi sijui kitu! Mimi? Mimi hata kitufe chake..."

"Mwache," alisema Inspekta. Akaitoa miwani ya kinga mfukoni mwa koti lake jeupe. "Bosi, vaa hii."

Bosi aliivaa. Ilikwama kwenye paji la uso. Alivuta mkanda, miwani ikaruka na kuanguka mezani. Kama si siku ile, wangecheka.

"Mdogo wako ana kichwa kama chako, na hii ni miwani yake peke yake," Inspekta alisema. "Lakini mimi imenikaa. Aliyeivaa mwisho ameubana mkanda."

"Usimhangaishe mume wangu."

Shemeji alisimama mlangoni. Alikuwa amekitazama kile kisahani kilicholowa, na hakuhitaji kuulizwa chochote. Aliingia, akaokota miwani, akaivaa mara moja, ikamkaa, akaivua. "Ni mimi. Nimemwangalia Kichwa akifanya kazi miaka yote, sikuhitaji kufundishwa. Alikuwa na homa, hospitali inapiga simu kila saa, wewe Bosi unapiga kelele tutapoteza kazi. Nikaangalia geji, nikaona mtungi umejaa, nikawasha. Sikujua habari za kiganja."

Bosi alikaa kitini. "Mama," alimwita mkewe, vile alivyomwita siku zote. "Na umemwacha mtoto aende ndani?"

"Alijipeleka mwenyewe! Nilimweleza nilichofanya usiku ule alipokufa mwalimu. Asubuhi naamka, kitanda chake kitupu. Nikasema nitamtoa. Nikatengeneza shahidi mzuri, mwone kwamba kazi ilikuwa nzuri..."

"Shahidi wa kweli yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Alipotea."

"Alikuwa wa rangi gani?"

"Alipotea, nimesema. Kilichoungua ni kimoja. Cha pili kilitoka kizuri."

Inspekta alichukua simu akampigia daktari. Mzuie mgonjwa, alisema. Daktari alijibu kwamba mabinti zake wameshafika, begi liko mlangoni, naye atamzuia. "Lakini kumzuia si kumpasua," aliongeza. "Nina nafasi moja ya chumba leo. Huyo mama moyo wake si wa kubahatisha. Ndiyo au hapana?"

Inspekta alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama ukuta. Kisahani cha uongo kilithibitisha kwamba alidanganya. Hakikuthibitisha rangi ya kile cha kweli, na mtu anaweza kweli kupoteza kitu kidogo kama kifungo akaogopa, akatengeneza kingine. Hiyo ilikuwa labda, na daktari alishasema hataki labda.

"Nipe muda wa kufika kituoni," alisema.

Njiani Shemeji alikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Sajenti alijaribu kumtisha, akamweleza habari za jela, za hakimu, za mabinti wa mama mshonaji. Ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Inspekta alimwashiria anyamaze. Mwanamke yule alikuwa ameshajiona mfungwa. Kilichobaki alichokuwa anakiogopa hakikuwa gereza.

Kichwa aliletwa kwenye korido. Alipomwona Shemeji akiwa katikati ya polisi, alisimama ghafla hata askari aliyemshika akamgonga mgongoni.

"Kwa nini mmemleta? Nimeshasema ni mimi!"

"Ameshasema ni yeye," Inspekta alisema. "Hatubishani tena juu ya nani. Nataka uone kitu kimoja tu, kwa jicho la fundi."

Aliweka visahani viwili juu ya dawati la zamu, akaeleza kimoja ni cha kazi nyingine kutoka kabatini, kingine alichopewa leo kuwa shahidi wa siku ile. Akadondosha maji. Tone moja likasimama. Jingine likatandaa.

Kichwa aliangalia kwa muda mfupi kuliko ule wa kupepesa macho. Rangi ilimtoka usoni. Hakumtazama Inspekta, alimtazama aliyemlea.

"Hiki umekichora wewe. Juzi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kushangaa. "Shemeji, uliniambia uligundua baada ya cha kwanza. Uliniambia cha pili kilitoka kijivu. Kama kilitoka kijivu, kwa nini utengeneze shahidi mwingine?"

"Kichwa, mwanangu..."

"Nimewaapia hawa watu! Nimeapa kwamba yule mama ni mzima, nimeapa kwa maneno yako wewe! Vilitoka rangi gani?"

Mlevi aliyekuwa akiimba mahabusu aliacha wimbo katikati. Shemeji akaketi chini pale pale sakafuni, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha mtu aliyekibana kwa miezi.

"Vya bluu," alisema. "Vyote viwili. Na shahidi wa bluu, nilimtupa. Nikavitia kwenye asidi mpaka vikawa vyeupe. Rangi ilipotoka nikadhani ubaya umetoka nayo. Na mwalimu alipoanguka, nikasema labda ni hicho kimoja tu. Kila siku nilisema labda. Nilikuwa nasubiri nisikie yule mama anatembea, afande. Angetembea, ningejua sikuua mtu."

Inspekta alikuwa ameshashika simu. Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Sajenti alikuwa ameuma kidole kama mtoto.

"Ndiyo," alisema daktari alipopokea, "au hapana?"

"Ndiyo. Kimeungua. Nimesikia kwa masikio yangu kutoka kwa aliyekiunguza."

Daktari alishusha pumzi. Walimsikia akimwambia mtu pembeni yake mrudisheni mama kitandani, asipewe chakula wala maji. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa nzito zaidi. "Kuna jambo jingine. Nikikitoa hiki lazima nirudishe kingine, na nyonga yake ni ndogo. Saizi yake sina, na hakuna hospitali ya jirani iliyo nayo. Wale wenye karakana ndio wanaotengeneza saizi hiyo."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na kila aliyekuwepo alisikia. Kichwa aliinua mikono yake iliyofungwa pingu.

"Vipande vilivyochongwa vipo, havijachorwa tu," alisema. "Saizi ndogo iko rafu ya chini. Mwambie kabla jua halijazama kitakuwa mikononi mwake akichemshe mwenyewe kuua vijidudu. Nipelekeni kazini."

"Afande," Sajenti alinong'ona, "mahabusu kushika mashine? Ametudanganya, ana kesi ya kujibu. Mkuu wa kituo atatumeza wazima wazima."

"Akitumeza, wewe utamkwama kooni." Inspekta alishatoa ufunguo. Pingu zikafunguka. "Nitasimama nyuma ya mgongo wake mpaka amalize, na baada ya hapo anarudi hapa kujibu alichosema uongo. Washa gari."

Kichwa alisugua viganja vyake, akavikunja na kuvikunjua, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Ili kufika mlangoni ilibidi ampite Shemeji pale sakafuni. Alipompita, Shemeji aliinua uso uliolowa machozi, akamshika upindo wa suruali, na kilichomtoka mdomoni ni kile alichomuuliza kila siku tangu akiwa mtoto wa mgongoni.

"Kichwa. Umekula?"

Fundi alisimama. Alikaa hivyo, ameupa mgongo uso wa aliyemlea, mpaka Inspekta akadhani atageuka.

"Na yeye hajala, Shemeji," alisema. "Anayesubiri kupasuliwa hapewi chakula."

Alivuta upindo wa suruali yake taratibu, akatoka.